"Dada, maji haya yanafaa kwenye vepu hii?"

*Muuguzi mmoja alizungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Kasulu. Haya ndiyo maneno yake.*

Kaeni, kaeni.

Leo sianzi na "acheni kuvuta". Hiyo mmeisikia mpaka mmechoka. Naanza na kijana aliyenifuata nyuma ya zahanati, anaangalia huku na huku. "Dada, usimwambie mtu." Akatoa vepu ndogo kama kalamu na vichupa viwili vya maji yake, kaletewa kutoka Dar. Kimoja kinamuunguza koo, ladha kama kitambaa kilichoungua. Kingine kinapita laini kabisa. Kwa nini?

Swali zuri, nikamjibu. Ndani ya vepu kuna kitangi, pamba na waya. Pamba inanyonya maji, betri inapasha waya moto, maji yanakuwa mvuke. Lakini maji hayafanani. Yenye gliserini nyingi ni mazito, yanakwenda taratibu kama asali. Kitangi kidogo kina vitundu vidogo, kwa hiyo mazito hayafiki upesi. Pamba inakauka, inaungua. Hapo unavuta fomaldehaidi, ileile iliyomo kwenye dawa ya kuhifadhia maiti. Mepesi nayo ukiyatia kwenye tangi la vitundu vikubwa yanavuja mpaka mdomoni.

"Kumbe ni hilo tu!" akacheka. "Basi nitumie haya laini."

Nikamwambia soma namba. Kichupa kizito: 3. Kile laini: 50. Yaani miligramu 50 za nikotini katika kila mililita 1! Sigara moja humwachia mvutaji kama miligramu 1 au 2 tu mwilini. Vimashine vidogo hutoa mvuke kidogo, ndiyo maana hutengenezewa maji makali, na nikotini yake hugeuzwa chumvi ili isikwaruze koo. Mnaona mtego? Maji yanayoikubali vepu yako ndogo ndiyo yanayokunasa upesi. Na alitaka kumgawia rafiki yake mwenye mashine kubwa ya moshi mwingi! Huyo angetapika, moyo ukimwenda mbio.

Wangapi hapa mmewahi kuchuma tumbaku shambani kwa wazazi, majani yakiwa na umande? Jioni kichwa kinazunguka, unatapika, nyumbani wanasema malaria. Mara nyingine si malaria. Ni nikotini ya jani bichi imepita kwenye ngozi. Ya kwenye kichupa inapita vilevile. Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Mtoto mdogo akiinywa, msimtapishe. Kimbieni hospitali, na kichupa mkichukue.

Halafu kuna mafundi wa kuchanganya wenyewe. Marekani, kati ya 2019 na Februari 2020, watu 2,807 walilazwa au kufa kwa mapafu kuharibika, 68 kati yao walifariki. Wengi walivuta maji ya bangi, na mengi ya hayo yalikuwa yameongezwa mafuta ya vitamini E. Mafuta ya kula hayana hatia tumboni; mapafu ni kitu kingine.

Yule kijana kile cha 50 aliniachia. Cha 3 kaondoka nacho, sikumnyang'anya. Kaniambia atarudi Ijumaa.

Haya, mkono ule kule nyuma, uliza.