Mbwa Huyu ni wa Nani?

(Hotuba iliyosomwa barazani juu ya leseni za mbwa)

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni leseni ya mbwa. Najua manung'uniko yenu. Mtu husema: "Mbwa ni wangu, anakula kwangu, analinda boma langu, kwa nini nimlipie ada?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa.

Kwanza tuitazame sheria. Zamani kazi ya kutoa leseni za mbwa ilikuwa mikononi mwa mabaraza ya serikali za mitaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliikabidhi kazi hiyo kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo ada na masharti huweza kutofautiana kati ya kaunti na kaunti, na kila mwenye mbwa yampasa kuuliza katika ofisi ya mifugo ya kwao. Paka hakutajwa kwa jina katika Jedwali hilo, lakini asisahauliwe, maana yeye pia huweza kushikwa na ugonjwa nitakaoueleza sasa.

Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa. Katika Kenya ulijulikana mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na hata leo haujatutoka. Vijidudu vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kwa njia ya jeraha, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Lakini kabla ya dalili iko nafasi ya kumwokoa, kwa sindano ambazo asili yake ni kazi ya Louis Pasteur wa Ufaransa, mwaka 1885.

Basi fikirini mtoto ameumwa na mbwa akitoka shuleni. Kwanza jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisha apelekwe hospitali siku ile ile, bila kungoja. Huko daktari atauliza: "Mbwa huyu ni wa nani? Je, amechanjwa?"

Hapo ndipo mtaona faida ya leseni. Mbwa akiwa na mwenyewe anayejulikana, atafungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, ni ishara kwamba siku ya kuuma mate yake hayakuwa na ugonjwa, na daktari aweza kuzikomesha sindano zilizosalia. Lakini mbwa akiwa hana mwenyewe, naye ametoweka vichakani, mtoto hana budi kuzimaliza zote, na wazazi hukaa katika hofu.

Tena, wataalamu wasema kwamba ili ugonjwa huu ukomeshwe, katika kila mbwa 100 wapaswa kuchanjwa 70. Tutawajuaje hao 70, ikiwa hatujui hao 100? Leseni ndiyo hesabu yenyewe.

Hata hivyo, nanyi mnayo haki yenu. Leseni isiyofuatana na chanjo ni karatasi tu. Mkilipa ada, waulizeni wakuu wa kaunti yenu kwa adabu: sindano ziko wapi, na zitafika kijijini lini? Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kuondoa vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautafaulu kwa juhudi za serikali pekee, wala za wananchi pekee.

Kwa hiyo, mchanjeni mtoto wa mbwa atimizapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama cheti kinavyoagiza. Kitunzeni cheti hicho pamoja na hati zenu nyingine. Mvisheni mbwa mkanda wa shingoni, wala msimwachie azurure usiku. Siku ya chanjo itakapotangazwa, mleteni pamoja na paka wenu.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa huu tiba ya kungojwa haipo. Siku daktari atakapouliza mbwa huyu ni wa nani, na awepo mtu wa kujibu: "Ni wangu, na cheti chake hiki hapa."