Kabla ya Kuomba Kompyuta Nyingine

Maneno kwa wanakamati wa parokia



Mapema mwaka huu nilikaa katika ofisi ya parokia moja wakati mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa akiwasomea wanachama hesabu zao. Feni ya kompyuta ilivuma kiasi kwamba akina mama waliokaa nyuma hawakusikia salio lao. Kamati ilikuwa imekwisha kuandika barua ya kuomba kompyuta nyingine. Niliwasihi barua ile isubiri siku moja.

Feni huenda mbio kwa sababu prosesa ina joto, na prosesa hupata joto inapolemewa na kazi. Basi tuanze na kazi yenyewe. Kwenye Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Mtaona orodha ya programu, na asilimia ya nguvu ya prosesa ambayo kila moja inatumia. Pale tulikuta programu moja inayojiwasha yenyewe, wala hakuna aliyeihitaji. Tuliifunga, tukaizuia isijiwashe tena.

Hatua ya pili ni mipangilio ya umeme. Katika mipangilio ya kina, sehemu ya prosesa, kiwango cha juu kwa kawaida ni 100%. Mkikishusha hadi 99%, kompyuta nyingi huacha kujiongezea kasi kupita ile ya msingi, na joto hupungua. Kwa kuandika barua na hesabu, hamtaona tofauti kubwa. Hapo hapo kuna utaratibu wa kupooza wa aina mbili: mmoja huongeza kwanza mwendo wa feni, mwingine hupunguza kwanza kasi ya prosesa. Chagueni huo wa pili. Kompyuta zisizoonyesha vipengele hivi, ziwekeni katika hali ya kuokoa umeme.

Naomba mzingatie mambo mawili. Msiizime feni kabisa, maana mashine ikizidiwa na joto inaweza kuzimika kabla hesabu hazijahifadhiwa. Tena, mipangilio haiondoi vumbi. Feni ikivuma hata pasipo kazi, zimeni kompyuta, chomoeni waya wa umeme, msafishe matundu ya hewa.

Barua ile haikutumwa. Katika mkutano uliofuata kila mwanachama alisikia salio lake, na mmoja alisimama akauliza kuhusu kosa katika hesabu yake. Kosa likarekebishwa palepale.