Mtoto Akisema "Chuoni Niko Sawa", Tumuulize Nini Tena?

Maneno yaliyosemwa na mtumishi wa shirika la mahali mbele ya wazazi na viongozi wa familia zilizohama, Bunia, Ituri

Najua wengine mmejiuliza njiani: sisi tunatafuta unga na hema lisilovuja, huyu kijana anatuletea habari za iniversite?

Mnivumilie kidogo. Tangu vita viliporudi Djugu mwezi wa Desemba 2017, nimekutana na familia nyingi ambazo zimepoteza ng'ombe, nyumba na mashamba, lakini zimeshikilia jambo moja: mtoto mmoja anaendelea na chuo kikuu. Baba analala chini ya plastiki, mama anabeba mizigo ya watu, minervali inalipwa kidogo kidogo. Mtoto yule ni akiba ya jamaa nzima.

Mzazi mmoja wa namna hiyo alikuja kwangu na uchungu mkubwa. Kila jioni alikuwa akimwuliza kijana wake, "Masomo yanaendeleaje?" na kijana akijibu, "Niko sawa, baba." Siku moja baba akamkuta sokoni akipakua magunia kutoka kwenye lori. Alikuwa ameacha kuingia darasani tangu miezi mitatu. Baba akaniambia, "Mtoto wangu amenidanganya." Nilimjibu kwa heshima: mzee, ulimwuliza swali lenye jibu moja tu. Mtoto anayejua kwamba umeuza mbuzi wa mwisho kwa ajili yake, atakuambia nini kingine?

Ndiyo maana nimeomba leo tuzungumze juu ya kuuliza. Namna gani mtu anaweza kujua kama mwanafunzi ameridhika na chuo chake, na kama kweli anashiriki katika masomo? Vyuo vyenyewe vinajiuliza swali hili, na mara nyingi vinakosea kama yule baba.

Nilipokuwa mwanafunzi, sitataja ni wapi, siku moja tuligawiwa karatasi za kupima walimu wetu. Tulifurahi sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza kitu. Kisha tukaona mambo mawili. Kwanza, juu ya karatasi kulikuwa na nafasi ya kuandika jina. Pili, aliyekuja kuzikusanya alikuwa asistenti wa profesa yuleyule tuliyetakiwa kumpima, na mitihani ilikuwa imebaki majuma mawili. Promosio nzima iliandika "vizuri sana". Hata mimi. Profesa yule alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, anauza silabusi na kuondoka. Lakini kwenye ripoti ya mwaka ule, nina hakika, wanafunzi wote walikuwa wameridhika.

Ninyi mnaelewa jambo hili kuliko wakubwa wa vyuo. Ni mara ngapi wageni wamefika kambini na daftari, wakauliza mbele ya watu wote, mbele ya yule anayeshika orodha ya ugawaji, "Je, msaada uligawiwa vizuri?" Na watu wote wakajibu, "Vizuri sana, asante." Basi mwanafunzi naye ana orodha yake anayoiogopa, nayo ni orodha ya pointi.

Woga huo una historia katika nchi yetu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana. Walidai burse, na walidai pia wawe na sauti katika uongozi wa chuo chao. Walipigwa risasi, wakafa. Mwezi wa Juni 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka, Mobutu alifunga Lovanium na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka huohuo vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikaunganishwa kuwa kimoja chini ya mkono wa serikali. Tena Mei 1990, usiku, wanafunzi walishambuliwa katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na mpaka leo hesabu ya waliokufa inabishaniwa. Wazee wengine hapa waliyasikia hayo redioni. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kongo akipewa karatasi ya maoni, neno la kwanza analojiuliza ni: nani ataisoma?

Sasa tutazame kidogo jinsi wengine walivyofanya, kwa maana nchi nyingine zimejaribu njia nyingi, na makosa yao yanaweza kutufundisha. Uingereza ilianza mwaka 2005 kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nchi nzima, maoni yao juu ya masomo waliyopewa. Matokeo hutangazwa wazi, na mtoto anayechagua chuo anaweza kuyasoma. Wana kanuni moja nzuri: kama waliojibu katika kundi ni wachache mno, matokeo ya kundi hilo hayatangazwi, ili mtu asitambuliwe kwa jibu lake. Lakini mwaka 2017 umoja wa wanafunzi wa huko uliwaomba wanachama wake wakatae kujibu, kwa sababu serikali ilitaka kutumia majibu yao katika mpango uliofungamana na kupandisha ada. Yaani, wanafunzi waliona kwamba wakisema chuo ni kizuri, bei itapanda. Tena mwaka 2023, kwa upande wa England, liliondolewa lile swali la jumla la kama mwanafunzi ameridhika kwa yote. Ninyi mnaona: hata wenye pesa na mashine za kuhesabu walifika mahali wakaliacha swali la "Uko sawa?"

Marekani walipita njia nyingine, na mimi ninaipenda zaidi. Tangu mwaka 2000 kuna uchunguzi unaosimamiwa na chuo kikuu cha Indiana, unaowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa mwisho. Hauanzi kwa kuuliza kama umefurahi. Unauliza unafanya nini. Mwaka huu umeuliza swali darasani mara ngapi? Umezungumza na mwalimu juu ya kazi unayotaka kufanya baadaye? Saa ngapi kwa juma unajitayarisha kwa masomo? Saa ngapi unafanya kazi ya mshahara, saa ngapi unawatunza watu wa nyumbani, saa ngapi unatumia njiani? Msomi mmoja wa huko, Alexander Astin, alikuwa ameandika mwaka 1984 kwamba mwanafunzi hupata faida kwa kadiri ya nguvu anazoweka katika masomo na katika maisha ya chuo. Basi wakaona ni vema kupima nguvu hizo.

Kuridhika na kushiriki ni mambo mawili. Mwanafunzi anaweza kuridhika kwa sababu mwalimu anagawa pointi kama maji. Mwingine anaweza kununa mwaka mzima kwa sababu mwalimu ni mkali, na baadaye akamshukuru. Kwa hiyo nisikiapo kwamba kwenye fakilte fulani wanafunzi wote wanafurahi, sipigi makofi mara moja.

Lakini tusichukue karatasi ya Marekani na kuigawa Bunia. Kumwuliza mtoto wa kambini ametumia maktaba mara ngapi, wakati giza likiingia hana hata taa ya kusomea, ni kumdhihaki. Saa za njiani, hilo swali tulichukue. Kuna vijana wanaotembea kwa miguu kutoka kambini mpaka darasani asubuhi na kurudi jioni bila kula. Saa za kutunza nyumba, tulichukue pia, na tuwaulize hasa wasichana. Msichana anayechota maji, anayepika na kulea wadogo zake, akifika darasani amechoka, mwalimu ataandika kwamba hashiriki. Kosa si la msichana yule.

Katika uchunguzi ule wa Marekani kuna sehemu moja ambayo sisi wa kazi ya amani tungeweza kuitunga wenyewe. Wanamwuliza mwanafunzi: ni mara ngapi umezungumza na mtu wa kabila au rangi tofauti na yako, wa dini tofauti, wa mawazo ya siasa tofauti? Ndugu zangu, hapa Ituri swali hili lina uzito wa damu. Katika vyuo vyetu kila kabila lina mutualite yake. Mutualite inasaidia mtoto anapougua, inamtafutia chumba, inazika. Siisemi vibaya, na mimi ilinisaidia. Lakini nimeona madarasa ambayo watoto wa mutualite moja wanakaa dirishani, wa nyingine mlangoni, na silabusi moja haivuki katikati. Chuo kinaweza kuwa na majengo mazuri na mitihani kwa wakati wake, na bado kikawa kinawafundisha vijana kuishi katika kambi mbili. Mwanafunzi akijibu kwamba mwaka mzima hakufanya kazi ya kikundi na hata mtu mmoja wa upande mwingine, hilo ni jibu ambalo rekta na sisi viongozi tunapaswa kulisikia kabla ya bunduki kulisikia.

Kuna jambo gumu, na ninaomba mama zetu wanisikilize. Mnajua habari ya pointi zinazodaiwa kwa mwili wa msichana. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2006 juu ya jeuri za ngono inaadhibu pia usumbufu wa namna hiyo. Je, tuliweke swali hili kwenye karatasi? Wenzangu wengine wanasema ndiyo. Mimi nasema tusiliweke mpaka kwanza tumepata mahali pa siri na mama wa kuaminika atakayempokea msichana atakayejibu. Kumfungua mtu kidonda kisha kumwacha barabarani, huo si uchunguzi.

Tena kuna wale wasioulizwa kamwe. Karatasi hugawiwa darasani, na walio darasani ni wale waliolipa. Aliyefukuzwa mlangoni siku ya mtihani kwa kukosa sehemu ya mwisho ya minervali hayumo. Aliyerudi kambini kwa sababu mama yake aliuawa hayumo. Yule kijana wa magunia hayumo. Kwa hiyo hata chuo kikiuliza kwa haki, kwa siri, kwa maswali mazuri, kitapata maoni ya waliobaki tu. Wageni nao wakija kambini saa nne asubuhi, wanawakuta wazee chini ya mwembe, wanaandika maoni ya kambi, na akina mama wako shambani! Waliobaki wakisema wameridhika, si uongo. Lakini ni nusu ya habari, na ile nusu nyingine ndiyo inayokaa bure kwenye vijia vya kambi, ambako wenye silaha hupita jioni wakiahidi chakula na simu.

Hapo ndipo ninyi mnaingia. Chuo hakiwajui walioacha. Ninyi mnawajua kwa majina, mnajua hema la kila mmoja. Ninaomba komite ya kila kambi ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wasio na mtoto katika chuo kinachoulizwa, ili wasipendelee. Hao wawatafute vijana waliokuwa wanasoma wakaacha, wawasikilize mmoja mmoja, si mbele ya baba, si mbele ya kiongozi. Waulize mambo yanayohesabika. Mara ya mwisho uliingia darasani lini? Ulikuwa na silabusi yako, au uliazima? Ulipopata shida, ulimwambia nani chuoni, na alikujibu nini? Ni siku gani ulianza kufikiri kuacha, na kulitokea nini siku ile? Swali hili la mwisho msilikimbize. Mwacheni kijana anyamaze, aseme polepole.

Majina yabaki kwenu. Sisi wa shirika tutapokea majibu bila majina, tutayapeleka kwa wakubwa wa vyuo pamoja na wajumbe wenu wawili, ili isionekane kwamba shirika linajisemea. Siahidi kwamba minervali itapunguzwa. Sina uwezo huo, na atakayewaahidi hivyo anataka kura zenu. Ninachoweza kuahidi ni kwamba majibu yatakayotolewa na chuo, hata yakiwa "hapana", nitarudi kuyasoma hapa hapa, mbele yenu. Watu wameulizwa mara nyingi mno katika nchi hii na hawakurudishiwa neno. Ndiyo sababu hawajibu tena ukweli, na nawaelewa.

Kwa wazazi ambao mtoto bado anasoma, leo jioni msianze na "Masomo yanaendeleaje?" Mwulize amekaa karibu na nani darasani, na mwalimu alifundisha nini. Akikosa jibu, usimpige, usimkumbushe mbuzi. Kaeni naye.

Yule baba niliyemtaja yuko hapa kati yetu, ameniruhusu kusema habari yake. Kijana wake ameomba kuanza tena mwaka ule alioukatiza. Pesa bado haijatosha. Komite zilete majina ya watu wawili wawili kwa Mama Prezidenti kabla ya siku ya soko. Sasa nitapokea maswali.