Breki Kwanza, Kengele Baadaye
Maneno ya fundi wa baiskeli katika Siku ya Wakimbizi Duniani



Nimeombwa niseme machache katika siku hii ya 20 Juni, inayoadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001. Mimi si msemaji. Mimi ni fundi wa baiskeli, au kinga, kama tunavyosema kwetu Kivu. Kazi hii nilijifunza Mushasha, pale Gitega, kwa mzee mmoja aliyenipa spana kabla ya kuniuliza ninatoka wapi. Leo naifanya chini ya mti hapa Muyinga.

Ndugu zangu, nchi hii ni ya vilima. Wakati wa kupanda, mtu hushuka akasukuma. Hatari iko kwenye kuteremka. Ringi ikilowa mvua, breki haishiki mpaka raba zifute maji kwanza. Basi anayeteremka na mzigo wa ndizi aanze kubana mapema, breki zote mbili, asingoje kona.

Nitawasimulia kosa langu. Alikuja kijana, raba za breki zimekwisha, chuma kinakwaruza ringi. Pesa hana. Nikakata kipande cha tairi kuukuu, nikakifunga kwa waya, nikamwambia, "Nenda polepole." Alikuwa amempakia mama yake kumpeleka kwa daktari. Kwenye mteremko kile kipande kilichomoka. Kijana akavunjika mkono. Mama alichubuka magoti, Mungu alimlinda. Hakuna aliyenilaumu. Lakini najua kwamba nilimpa neno "polepole" mahali pa breki.

Tangu siku ile, baiskeli isiyo na breki haitoki kwangu. Asiye na pesa namfungia raba, atalipa akipata. Wengine wamelipa, wengine bado. Siwadai mbele ya watu.

Sasa ushauri. Kwanza, kila asubuhi bana breki, kisha sukuma baiskeli mbele. Magurudumu yakizunguka, usiipande. Pili, ukiziba tyubu, isugue kwa msasa, paka gundi, ngoja ikauke kidogo, ndipo ubandike kiraka. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi, kesho wanarudi kwangu. Tatu, mafuta ya kupikia ni ya sufuria, si ya mnyororo. Huganda yakashika vumbi. Tia mafuta ya mashine kidogo, yaliyozidi uyafute. Nne, spoki moja ikikatika usingoje ya pili, maana zilizobaki zinabeba mzigo wake na ringi itapinda.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mnapotuletea baiskeli tunashukuru sana. Leteni pia raba, tyubu na spana, kwa kuwa baiskeli bila vipuri ni zawadi inayokwisha mapema.

Na kwako Bwana Mwenyekiti, naomba sanduku moja la raba za breki likae kwa mweka hazina. Fundi achukue kwa kuandikisha, mteja alipe pole pole. Hapo fundi mwingine hatalazimika kuchagua kama nilivyochagua mimi.

Vijana mnaniomba kengele za kulia vizuri. Nitawafungia. Lakini kengele humwambia mwenzako akupishe tu. Mti na shimo havisikii. Breki kwanza.