Ujumbe wa Mafuta: Homoni, Ovari na Wanawake wa Milima ya Usambara



Mwanamke wa Mtae au Mlalo ambaye hedhi yake hupotea miezi miwili au mitatu huulizwa na wakwe na majirani atazaa lini. Ni wachache wanaomuuliza kwa nini hedhi imevurugika. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, PCOS, ambayo huvuruga hedhi, huwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajagunduliwa. Utafiti wa Pembe na Abeid, uliochapishwa mwaka 2009, uliikuta kwa takriban theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa kwa ugumba katika hospitali ya rufaa nchini Tanzania.

Je, kupima kwenye damu homoni zinazotolewa na mafuta ya mwili kunaweza kumfupishia mwanamke huyu safari ya kutambuliwa ugonjwa wake?

Zamani mafuta ya mwili yalihesabiwa kuwa akiba tu, kama mahindi yaliyowekwa darini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni ambayo seli za mafuta huipeleka kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye Farid Chehab na wenzake, San Francisco, waliwadunga leptini panya majike wanene waliokuwa tasa kwa kuikosa. Panya hao walishika mimba na kuzaa. Tangu hapo hakuna anayeweza kuzungumzia uzazi akayaacha mafuta nje.

Homoni ya pili ya seli za mafuta ni adiponektini. Hii hupungua kadiri mafuta yanavyozidi, hasa mtu anapokuwa na kiribatumbo, na kazi yake ni kuusaidia mwili kuitikia insulini. Ikipungua, kongosho humwaga insulini zaidi. Insulini iliyozidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na hulizuia ini kutengeneza protini inayozishika homoni hizo. Mayai hayapevuki, hedhi inakatika, chunusi na ndevu vinatokea.

Kama viashirio vya ugonjwa, homoni hizi mbili hazina uzito sawa. Leptini huwa juu kwa wengi wenye sindromu, lakini zaidi hufuata wingi wa mafuta, habari ambayo mizani na tepu ya kupimia kiuno vinaitoa kwa bei nafuu. Tena hupanda usiku na kushuka mtu anapofunga, kwa hiyo kipimo cha mwezi wa Ramadhani kinaweza kutofautiana na cha Shawali kwa mwanamke yuleyule. Adiponektini ina hoja nzito zaidi. Uchambuzi wa tafiti nyingi, uliochapishwa pia mwaka 2009, ulionyesha kuwa iko chini kwa wenye sindromu hata wanapolinganishwa na wanawake wa uzito uleule. Lakini hushuka pia kwa wenye kisukari cha aina ya pili, hivyo peke yake haiwezi kuutaja ugonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa sindromu hii wa mwaka 2023 uliikubali AMH, homoni ya ovari zenyewe, iwe mbadala wa utrasaundi kwa watu wazima. Homoni za mafuta hazikupewa nafasi hiyo.

Namna kiashirio kinavyopata heshima, milima ya Usambara inaijua. Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake walichapisha utafiti uliotumia, kama kiashirio cha maambukizi, kingamwili za malaria kwenye damu ya wanavijiji wa miinuko tofauti ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, Usambara Magharibi ikiwemo. Kiwango cha kingamwili kililinganishwa na jambo lililokwisha kujulikana: kadiri mtu anavyopanda mlima, maambukizi hupungua. Vipimo vilipokubaliana na mlima, ndipo vikaaminiwa.

Homoni za mafuta zinastahili mtihani kama huo, na Lushoto ni mahali pake. Mwanamke mwembamba anayelima kabichi kwenye mteremko wa Soni anaweza kuwa na sindromu hii sawa na mfanyabiashara mnene wa Mombo. Wapimwe wote wawili, pamoja na wenzao wasio na ugonjwa, asubuhi kabla ya kula, na kiuno kipimwe siku hiyohiyo. Adiponektini ikishindwa kuongeza chochote juu ya mizani, tepu na maelezo ya mgonjwa, hakuna sababu ya kumtoza mkulima gharama yake.

Wakati utafiti huo unasubiriwa, kituo cha afya hakijafungwa mikono. Kwa mujibu wa mwongozo wa 2023, mwanamke mzima mwenye hedhi iliyovurugika na dalili za homoni za kiume kuzidi anaweza kutambuliwa bila utrasaundi, mradi imethibitishwa kwanza kuwa hakuna kisababishi kingine, kama matatizo ya tezi ya shingo au ya homoni ya maziwa. Akishatambuliwa, apimwe sukari na shinikizo la damu, na kama anatafuta mtoto aelezwe kuwa zipo dawa za kupevusha mayai.