Mji wa Berastagi na Wageni Wake



Mji wa Berastagi, kisiwani Sumatra, Indonesia, uko yapata meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, karibu na volkano za Sibayak na Sinabung. Kila mwisho wa juma watu wa Medan hupanda huko kufuata baridi, wakarudi na machungwa, karakara na mboga za sokoni. Mnunuzi wa namna hiyo hujileta mwenyewe, wala mkulima hakodi lori. Lakini Sinabung, iliyolala karne kadhaa, iliamka Agosti 2010. Kuanzia 2013 majivu yaliunguza mazao, na maelfu ya wanavijiji wakahamishwa. Mgeni aweza kuahirisha safari. Kabichi iliyokomaa haina nafasi hiyo. Februari 2014 mlipuko uliua watu wasiopungua 14, ndani ya eneo lililokwisha kupigwa marufuku.