Kwa Nini Mgonjwa wa Ini Hungojeshwa Kabla ya Upasuaji



Wengi mmeniuliza: daktari akishaamua kumpasua mgonjwa wa saratani ya ini, mbona amrudishe nyumbani wiki tatu au nne? Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuliza na kuwaletea jibu.

Ini hukua tena. Hata hivyo, likikatwa sana, kipande kinachobaki hulemewa na mgonjwa anaweza kufariki. Ini likiwa zima, madaktari hutaka ibaki angalau asilimia 20. Baada ya dawa kali za saratani, 30. Likiwa na makovu, 40. Pasipotosha, huziba mshipa unaopeleka damu upande wenye uvimbe. Damu hiyo huelekea upande wa pili, nao hukua. Madaktari wa Japani walianza njia hii miaka ya 1980.

Litakua kiasi gani? Makovu na kisukari huweza kulichelewesha, lakini kubashiri tu hakutoshi. Ndiyo maana picha ya CT hupigwa tena. Sehemu iliyoongezeka asilimia 2 au zaidi kwa wiki hutia moyo. Isipokua, daktari huonywa mapema asikate, na onyo hilo huokoa maisha.

Kwa hivyo huko si kutelekezwa. Mkipewa tarehe ya picha ya pili, mpelekeni mgonjwa. Akipata homa au macho yakiwa manjano kabla ya siku hiyo, msingoje tarehe. Rudini hospitalini mara moja.